Nesi wa Kopo la Masizi

Mwaka wenyewe ndio ule nyanya zilipopotea. Mvua za elinino zilikata barabara huko juu, malori hayafiki, na sie huku Bunju tukaunga mboga kwa mbilimbi mpaka meno yakaingia ganzi. Ubwabwa kwa mchuzi wa mbilimbi, mihogo kwa mbilimbi ya kupondwa na pilipili, na dagaa wanaonuka gunia kwa sababu jua la kuwaanika halipo. Madukani biskuti za kila nchi, soda za kila rangi, siagi ya kopo, vitu tulivyokuwa hatuvioni zamani za mgao wa duka la kaya. Nyanya moja ya kutia sufuriani, hakuna. Anayeukumbuka mwaka huo kwa ulimi kama mie, basi na Nesi anamkumbuka.

Jina lake silitaji, na sidhani kama wengi walilijua. Zahanati ilikuwa na wasichana wengine wauguzi, hao tuliwaita sista. Nesi alikuwa yeye peke yake. Ukisema "Nesi kaniambia", hakuna anayekuuliza nesi gani.

Zahanati yenyewe ilikuwa ya mtu binafsi, iliyofunguliwa baada ya serikali kuruhusu watu wafungue zao. Nyumba ya matofali ya saruji, vyumba vitatu na baraza, mwenyewe ni Daktari mmoja wa makamo, mpole, mwenye haraka. Kabla hajaja, mtoto akichemka unambeba mpaka mjini, na mvua zile, ukifika mjini umebeba kitu kingine. Tuliipenda zahanati ile kuliko tulivyowahi kusema. Mwanangu Mwanahawa alipata kazi pale, dirishani, kuandikisha wagonjwa. Kwa hiyo nyumbani kwangu zahanati ilikuwa dawa, na ilikuwa unga pia. Ikifungwa, tunakosa vyote.

Nesi alikuwa mtu wa bara, mrefu, mkavu, miguu mirefu kama ya korongo, na viatu vyeupe alivyovipaka chokaa kila Jumapili akitoka kanisani. Mdomo wake ulikuwa mkali. Mama akimleta mtoto mchafu anamwambia mbele za watu, "Umemtoa wapi huyu, shimoni?" Hakuwa na haya hata chembe. Lakini sindano, yeye mwenyewe, alikuwa anaiogopa! Nilimwona kwa macho yangu siku alipochomwa ya pepopunda baada ya kukanyaga msumari. Alinishika mkono akaniumiza vidole, macho kayafumba, anasema, "Bi Chausiku, niambie kitu chochote, niambie habari za shamba." Mtu aliyechoma nusu ya Bunju makalioni.

Tena alinusa ugoro. Kikopo kilikuwa mfuko wa kulia wa gauni jeupe. Mgonjwa akimtazama anasema, "Unatazama nini? Hii ni pua yangu."

Na mambo mengine yote nje ya kazi aliyafanya hovyo. Saa yake ya mkononi ilikuwa imekufa, akaivaa hivyo hivyo. Muda aliujua kwa adhana ya msikiti wetu, Mkristo yule. Akipika anatia chumvi huku anaongea, unakula unalia. Nikamwambia siku moja, "Wee mwanamke, kazini unapima mpaka mate ya mtu, nyumbani kwako hujui hata kijiko?" Akacheka. "Chumvi ikizidi utakunywa maji. Homa ikizidi utakunywa nini?"

Sasa hicho kipimo.

Daktari alikuwa na ndugu yake ng'ambo. Ndugu akamletea kipimajoto cha sikio, kile cha betri, unakitia pua yake sikioni, unabonyeza, kinalia *pii*, namba zinatokea. Enzi hizo hakuna aliyekuwa amekiona. Vya kioo tulivizoea, unabanwa nacho kwapani mpaka mkono unakufa ganzi, mtoto anakipiga teke kinavunjika, zebaki inakimbia sakafuni. Hiki ni kufumba na kufumbua. Daktari akaandikisha ubao barabarani, kipimo cha kisasa, na watu wakaja kutoka Wazo, wakaja kutoka Tegeta, wengine wazima kabisa, wanataka tu kusikia *pii*. Sie tukakiita hivyo hivyo, Pii. "Umeshapigwa Pii?" "Bado, nipo kwenye foleni."

Daktari alikipenda. Nesi hakukichukia, watu wanakosea wakisema alikichukia. Alikuwa hakiamini mpaka kila asubuhi kimjibu.

Alikuwa na kopo dogo la bati, la vidonge, ambalo ndani alilipaka masizi ya koroboi mpaka likawa jeusi tii. Asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, anachemsha maji, anayapooza kwa maji ya mtungi kwenye jagi, analizamisha lile kopo mdomo juu, kwa namna ambayo maji hayaingii ndani. Kwenye maji hayo hayo anatia vipimajoto vya kioo, amevikung'uta kwanza mkono unavuma kama anafukuza nyuki. Anakoroga. Anangoja. Halafu anachukua Pii, analitazama jicho lake la mbele, anakipangusa kwa pamba yenye spiriti, anangoja tena kikauke, anakiingiza kwenye mdomo wa kopo kama vile kopo lina sikio. *Pii.* Anasoma. Anachomoa vya kioo, anasoma. Vikipatana, anafungua mlango. Visipopatana, anaanza upya.

Na sie tuko barazani na watoto, mvua inatupiga mgongoni.

"Nesi, unatupikia chai?"

"Usisahau tangawizi!"

"Mie nataka ya maziwa!"

Yeye, bila kugeuka: "Mwenye haraka aende akapimwe na mkono wa mama mkwe wake."

Nilimuuliza masizi ya nini. Akanieleza vizuri, hakunifokea, maana ukimuuliza jambo la kazi sauti yake ilibadilika. Alisema kile hakigusi joto kama kioo kinavyogusa. Kinalitazama. Na kitu cha kutazama kinadanganyika kama jicho la mtu. Bati likiwa linang'aa litakirudishia joto la vitu vingine, hata la mkono wake alioshikia. Jeusi halirudishi kitu, linatoa joto lake lenyewe. "Na jicho lenyewe likiwa na uchafu," akasema, "kitaona mtoto kapoa, kumbe ukungu uko kwenye hilo jicho."

Hapo ndipo tulipogombana, yeye na sie watu wa pwani wote. Maana sie msimu wa mvua mtoto tunamtia mafuta ya nazi sikioni, ya uvuguvugu, baridi isimwingie. Bibi zetu walifanya, mie nilifanyiwa, nasikia mpaka leo mtu akinong'ona chumba cha pili. Nesi akasema mafuta yale yanapita pembeni ya kifuniko cha plastiki, yanashika kwenye jicho la kipimo. Kinachofuata mtoto wa kwanza anasomeka sawa, wa pili nusu, wa tatu ana moto kama tanuri na namba zinasema mzima. Akaanza kusimama mlangoni na kijiti cha pamba anachungulia masikio kama askari wa forodha. "Mafuta! Rudi nyuma. Mafuta! Na wewe rudi."

Nikamwambia, "Nesi, huyu ni mjukuu wangu, sikio lake ni langu."

"Sikio ni lako, kipimo ni cha wote."

"Mafuta siachi."

"Usiache. Mtie jioni, umfute asubuhi, kisha uje."

Hilo nililikubali. Kutia siachi, na sijaacha.

Usidhani alikuwa hakosei. Kuna siku alitia majini kioo kimoja tu, nacho na Pii havikupatana, akakilaani Pii, akakitia kabatini, akapima watu mchana kutwa kwa kioo kimoja. Jioni akakitazama kile kioo penye mwanga wa dirisha, akaona zebaki imekatika katikati, uzi mdogo umebaki juu peke yake. Kioo ndicho kilichokuwa kinasema uongo. Mtu mwingine angekitupa akanyamaza, nani angejua? Nesi alifungua mwavuli wake wenye mbavu moja iliyovunjika akazunguka nyumba kwa nyumba kwenye matope, viatu vyeupe vile, anagonga hodi. Kwangu alifika kalowa mpaka kwapa. "Bi Chausiku, mchana nilikupima nikakuambia una homa. Huna. Kioo changu kimeharibika. Ile dawa usiinywe."

"Nimeshakunywa."

"Basi kunywa maji, na unisamehe."

Tangu hapo akawa hafanyi kazi na kioo kimoja. Akaenda mpaka hospitali kubwa mjini, kwa fundi wa vifaa aliyekuwa akimfahamu tangu akiwa mtumishi wa serikali, wakalinganisha vyake na vya kule. Akarudi na vitatu vimefungwa ndani ya kipande cha kanga kama vifaranga. Viwili vikipatana, cha tatu ndicho mwongo, alisema.

Sasa mvua zikazidi, mbu wakazidi, homa zikaingia kila nyumba. Foleni ya zahanati ikafika barabarani. Na vile vifuniko vya plastiki, vinavyovishwa pua ya Pii ili uchafu wa sikio usifike kwenye jicho, vikaisha. Vilikuwa vinatoka hukohuko ng'ambo. Daktari akapiga simu, akaambiwa vinakuja. Havikuja. Akatafuta njia. Akachukua nailoni, hii laini ya kufungia sukari, akakata vipande, akavisha puani, akafunga kwa mpira. Ukitazama kwa juu unaona ni kitu kilekile. Nesi akakipeleka kwenye kopo lake la masizi. Kioo kinasema thelathini na tisa, cha pili kinasema thelathini na tisa, Pii chenye nailoni kinasema thelathini na saba na kidogo.

Akamwita Daktari aone. Mwanahawa alikuwa dirishani, alisikia yote.

"Nailoni ni nzito, Daktari. Joto halipiti lote."

"Nesi, umeona watu walioko nje?"

"Nimewaona."

"Nikiwapima wote kwa kioo, wa mwisho atapimwa keshokutwa. Wataondoka. Wakiondoka nafunga, na wewe na huyu Mwanahawa na sie wote tunakwenda nyumbani."

Hakusema uongo, yule. Kule nje watu walikuwa wameanza kupiga kelele. Akachukua Pii mwenyewe akaanza kupima.

Mie niliingia na Zuhura, mtoto wa Mwanahawa, hajaota hata meno ya pili. Alikuwa amelala begani kwangu tangu alfajiri, hataki uji, hataki maji. Shingo yake ilinichoma. Daktari akamvuta sikio, akatia, *pii*. "Thelathini na saba na nusu. Homa ndogo tu, Bibi, ni mafua. Mpe uji, mfunike, kesho atacheza."

Nitasema ukweli wangu: nilifurahi. Mkono wangu ulikuwa unaniambia kingine, lakini ile namba niliiona kwa macho, nyekundu, imeandikwa. Mie kusoma nilisoma kisomo cha watu wazima, na namba nazijua. Nikamfunga Zuhura mgongoni nigeuke niondoke.

Nesi alikuwa kasimama mlangoni, mikono kaikunja.

"Huyo hatoki."

"Nesi nipishe, Daktari keshampima."

"Namwona macho yake. Huyo hatoki."

Daktari akainuka kitini. "Nesi, toka mlangoni."

"Nampima kwa kioo kwanza."

"Ukimgusa huyo mtoto, kesho usije."

Mwanahawa kule dirishani akashika mdomo. Ni mwanawe mgongoni kwangu, na ni mkate wake ule. Akanitazama mie, akamtazama Daktari. Nesi hakumtazama yeyote. Alinifungua kanga mgongoni, mie nikimshikilia mtoto, tukavutana kidogo mbele za watu kama wanawake wa bombani. Kisha nikaachia. Akakaa chini sakafuni, akampakata, akakung'uta kioo, akakibana kwapani kwa Zuhura.

Kile kioo kilichukua muda wake. Mtu anayesema wakati unakwenda mbio hajawahi kungoja kioo kwapani kwa mjukuu. Zuhura hakulia. Hilo ndilo lililonitisha, mtoto yule alikuwa analia hata ukimchana nywele. Macho yake yalikuwa wazi, hayatazami kitu, na mdomo unamcheza cheza. Mtu mmoja kwenye foleni akasema, "Jamani tuendelee," mwingine akamwambia nyamaza. Nesi alikuwa anahesabu kimyakimya kwa midomo, maana saa yake ilikuwa imekufa.

Akakichomoa, akakigeuza mwangani, akamnyooshea Daktari.

Daktari akasoma. Nikaona uso wake unabadilika. Akakitupa Pii mezani, akamchukua Zuhura mikononi kwa Nesi akakimbia naye chumba cha ndani, anapiga kelele dripu, kwinini, maji. Nilipofika mlangoni mtoto alishaanza degedege. Sitaki kuieleza. Anayejua anajua, na asiyejua asijue.

Daktari hakuinuka pale kitandani mpaka mtoto alipoomba maji. Alimfuta mwenyewe kwa kitambaa cha maji, shati limemganda. Hakuwa mtu mbaya, nataka hili lieleweke. Lakini Nesi alikuwa ametoka barazani, amewaambia watu kwa sauti yake ile, "Wote mliopimwa leo kwa kile, rudini foleni, kimewadanganya." Watu wakatazamana. Wengine wakarudi foleni. Wengi wakakasirika wakaondoka, wengine walipiga teke ule ubao wa barabarani ukaanguka. Kwa muda zahanati ikawa tupu, watu wakasema kule wanapima watu kwa mifuko ya sukari. Daktari alisema kesho usije, na kesho yake Nesi hakuja. Hakuna aliyemfuata kumrudisha. Nami sikumfuata.

Vifuniko vya ng'ambo vikaja, watu wakasahau, foleni ikarudi. Mwanahawa akaendelea na dirisha lake. Zuhura akaanza shule.

Nilimwona Nesi tena baadaye, nyanya zimeshajaa sokoni mpaka zinaoza. Daktari aliniita mwenyewe, akaniketisha. Alikuwa amenunua vipimo vipya vya sikio, vingi, na wakaguzi walikuwa wanakuja. Ile habari ya nailoni ilikuwa imewafikia. Walikuwa wamemwambia kila kipimo kiwe na alama ya mtu mwenye cheti aliyekihakiki, la sivyo wanafunga. Yeye mtu huyo hakuwa naye. Sista walikuwa wapya. "Bibi, nenda kwa Nesi. Kule Kimara kwa mwanawe. Wewe atakusikiliza. Mwambie aweke jina lake tu, hata kuja asije, nitampelekea karatasi za kubandika. Nami namwomba radhi."

Na Mwanahawa nyuma yake ananitazama kwa macho yale yale ya siku ile.

Nilimkuta Nesi nyuma ya nyumba ambayo mwanawe hajamaliza kuipiga lipu. Amekaa kwenye mkeka anachambua mchele, na mchele anauchambua kwa vidole, hautazami. Nikasema, "Nesi, hodi." Akageuza uso pembeni, siyo kwangu. "Hiyo ni sauti ya mafuta ya nazi," akasema, akacheka. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu mweupe, yote mawili. Mtoto wa jicho. Mwanawe alitaka apasuliwe, hakutaka. Kisu machoni, mtu anayeogopa sindano!

Tukala. Chumvi ilizidi, nikanywa maji. Akauliza Zuhura yuko darasa la ngapi, nikamwambia, akafurahi, akanusa ugoro wake.

Nikamweleza nilichojia. Nilieleza chote, radhi ya Daktari, wakaguzi, Mwanahawa, kwamba wakifunga watoto wa Bunju watarudi kubebwa mpaka mjini. Akasikiliza kichwa kimeinama. Mkono uliendelea na mchele.

"Kavipima nani?" akauliza.

"Havijapimwa. Vipya, vimo kwenye maboksi."

"Vipya. Mie zebaki sasa siioni, Bi Chausiku. Hata nikiishika puani."

"Hutakiwi kuona. Jina tu."

Akaweka ungo chini. "Mwambie Daktari nimemsamehe. Lakini jina langu siliweki juu ya kipimo ambacho sijakipima."

Hapo nikapandisha sauti. Mie si mtu wa kubembeleza, lakini nilibembeleza. Nikamwambia, "Nesi, mimi sijaja kwa ajili ya Daktari, nimekuja kwa ajili ya mwanangu. Ana watoto watatu na dirisha lile. Umeshaniokolea mmoja, sasa unataka wote walale njaa kwa ajili ya karatasi ya kubandika? Vipimo vizima vile! Nani atajua?"

Alinyoosha mkono hewani akautafuta wangu mpaka akaupata, akaushika, siyo kwa ukali. Nikadhani ameregea. Vidole vyake vilikuwa na unga wa mchele.

"Jina langu siliweki juu ya kipimo ambacho sijakipima."